Picha Asimotokea Mama

Harufu ya rangi mbichi ya ukutani hunisisimua mwili mpaka leo. Wenzangu wakiisikia hufikiria nyumba mpya. Mimi hugeuka haraka kutazama mama yuko wapi.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Nzuguni. Mama alikaanga chipsi kando ya barabara, na ng'ambo yake vijana walikuwa wametoka tu kuchora ukuta mzima: wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma, wakubwa kuliko watu wa kweli, macho yamewatoka. Mjomba Elia, mdogo wake mama, alikuwa na wazimu wa kupiga picha za mjini usiku. Siku hiyo giza lilipoingia akanisimamisha chini ya wanawake wale, akaisimika kamera kwenye miguu yake mitatu.

"Usitikisike mpaka niseme. Hata pua ikiwasha, vumilia."

Pua, nawaambieni, iliwasha palepale. Bodaboda zilipita, wanafunzi walipita wakicheka, na upepo wetu wa Dodoma ukanipenya mpaka mifupani. Mara mama akavuka mbio, akanitupia kanga yake mabegani. "Elia, utaniulia mtoto na baridi hii!" Akarudi mbio kwenye karai lake.

Mjomba akanionyesha picha. Jamani! Barabara tupu. Hakuna mwanafunzi wala bodaboda, ila mistari ya taa inaelea hewani. Wanawake wa ukutani walitokea wote, wananitazama. Mimi nilitokea. Kanga ilikuwa mabegani mwangu, nyepesi kama moshi. Aliyenivika hakuwepo.

Nilijua tu kwamba mama anakufa, na kamera imejua kabla yetu. Usiku ule nililala na kidole chini ya pua yake, nikisubiri kila pumzi. Usiku wa tatu akanidaka mkono.

"We mtoto, unanipima nini?"

"Mama, wewe upo?" Nikaangua kilio.

Alicheka mpaka akakaa kitako. Kesho yake mjomba akanieleza: kamera ilikuwa wazi nusu dakika nzima, na mtu anayepita mbio haimshiki. Nikambembeleza mama asimame basi, hiyo nusu dakika tu, nimwone pichani.

"Na chipsi zangu azigeuze nani?"

Hakusimama. Si mwaka ule, wala miaka yote aliyonisomesha. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa nayo kweli hiyo nusu dakika.

Siku hizi mpiga picha za usiku ni mimi. Mwezi uliopita nilimsimamisha mama mbele ya ukuta mmoja pale mjini. Sikumwambia asitikisike. Aliegemeza mkono ukutani, akatulia, watu wakimpita huku na huku. Kwenye picha wote walipotea, akabaki yeye peke yake, wazi kabisa, kila mkunjo wa uso. Nikaogopa kama nilivyoogopa nikiwa na miaka tisa: mbio zimemwishia mama, na safari hii hakuna wa kunieleza kwamba nimekosea.