Picha Haihitajiki

Karani wa maonyesho ya wasanii hapa Eldoret hamwangalii mtu. Hukazia macho kompyuta, kidole kikizunguka mdomo wa kikombe. Tukiomba nafasi ya kutundika picha, akili bandia husoma majibu yetu ya maswali kumi, naye karani hututangazia tabia zetu: mkaidi, mpole, mwenye wasiwasi. Jana alimwambia Lorraine, mchoraji wa mtaa wa Munyaka, "Wewe ni mwoga. Waoga hawapewi ukuta wa mbele."

"Mimi mwoga? Si ufungue hii picha kwanza!"

"Picha haihitajiki, madam," akasema, akaweka chai yake juu ya picha yenyewe, iliyofungwa kwa leso.

Lorraine alikiondoa kikombe, akabeba picha yake, akatoka.

"Next!" karani akaita. Nasi kwenye foleni, wachoraji wazima, tukasogea hatua moja mbele.