Uji Kabla ya Kisu

*Upendo umo chupani, mzito kushinda uji;*
*Ganzi imo sindanoni, inakataa mlaji.*

Nilikuwa nimekwenda kumtazama dada yangu katika wodi ya uzazi, Thika. Kwenye kitanda cha jirani, daktari wa ganzi alimuuliza mjamzito aliyengoja kupasuliwa: "Umekula lini?"

"Jana jioni, daktari." Uji wa mama mkwe haukataliwi, wala hautajwi.

Mama mkwe wake, aliyetoka Gatuanyaga alfajiri na kuketi kando yake, akainua chupa ya chai. "Haiya! Na vikombe viwili vya uji nilivyokupa sasa hivi? Kwani utazaa na nguvu gani?"

Daktari akafunika kalamu aliyojazia fomu. "Mama, tukilazimika kumlaza usingizi kabisa, uji huo utapanda uingie mapafuni. Anaweza kufa. Tungoje mchana."

Sijaona fomu iliyookoa mtu kama majivuno yale ya mama mkwe.

Saa tisa mtoto alilia ndani ya chumba cha upasuaji. Nje, aliyebaki amesimama mlangoni ni mama mkwe, chupa mkononi.