Kasiksi ya Mapatano

Kwa miaka ishirini Apollinarie alikuwa akipika kasiksi, pombe ya ndizi, pale Luberizi, uwandani, na hakuwahi kumpa mtu kikombe kabla hajakionja mbele ya macho yake. Ndivyo ilivyo huku. Anayemimina ndiye anayetangulia kumeza, mnywaji ajue hamna sumu. Hata marehemu mumewe alikuwa akimngoja aonje kwanza ndipo anyooshe mkono.

Basi serikali ilipoamua kuwapatanisha watu wa uwandani na watu wa ziwani, ambao hawakusalimiana tena tangu vijana wao wauane kwa ajili ya shamba, komite ya amani ilimwagiza yeye mtungi. Ilikuwa heshima, lakini alikosa usingizi kwa woga. Mmoja tu wa ziwani akiumwa tumbo, nani ataulizwa? Nyumba ya nani itachomwa? Na humo ndani alikuwa na Keza, binti yake wa pekee, wa miaka saba.

Tena kulikuwa na jambo alilolificha. Mtungi ulikuwa umelala uani siku mbili, na asubuhi ile alikuta majani ya mgomba yaliyoufunika yamesogea. Ni mbuzi, alijiambia. Alijiambia hivyo mara kumi, na mara zote kumi hakujiamini. Akakata shauri: ataonja yeye kwanza, na kama mna kitu, kimwanze yeye.

Mkubwa wa serikali alifika amechelewa sana, na magari matatu na kipaza sauti. Alitoka mbali, desturi za hapa hakuzijua, na hakuna aliyemwambia, maana wakubwa wa aina ile huwa hawaambiwi kitu. Apollinarie alipoinua kikombe kuonja, yule bwana alimpokonya akampa Norbert, mzee wa wavuvi wa Makobola.

"Tuko na retard, mama, tumechelewa!" alisema akicheka.

Kikombe kilikuwa bado hakijaonjwa. Norbert alikitazama kikombe, hakunywa wala hakukirudisha. Nyuma yake vijana wa ziwani wakaanza kusimama mmoja mmoja.

"Papa Norbert, nirudishie, minye nionje," Apollinarie alisema. Akakipokea, akanywa robo.

Ndipo mama mmoja wa ziwani, Honorine, akapaza sauti: "Ule amesha kunywa dawa ya kuzuia sumu asubui! Mutoto wake iko pale. Anywe mutoto!"

Apollinarie akamgeukia Keza. Akikataa, amekiri, na vijana wale wameshaokota mawe. Akikubali, pombe hii aliyoipika kwa mikono yake haijui tena.

"Kuya, Keza," aliita.

Mtoto alikuja mbio, akapiga funda, akakunja uso. Norbert alikuwa amenyoosha mkono amzuie, akachelewa.

"Aya, mama," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ungeniachia minye. Minye nimezeeka." Akakichukua kikombe akakimaliza.

Watu wakapiga makofi. Mkubwa alisema amani imepatikana, akapigwa picha, akaondoka. Watu wa ziwani wakapanda lori lao, lakini Norbert aliwaambia watangulie, akaketi kwenye benchi kando ya Apollinarie. Hakuuliza ruhusa.

"Mutungi ililala inje, Papa," Apollinarie alimwambia, maana siri ilimshinda. "Siku mbili."

Mzee akamgeukia. "Karuho, ile sumu, inakamataka mutu kisha saa ngapi?"

"Sijui. Minye sijui."

"Basi tungoje."

Wakangoja, wakimtazama Keza akiruka kamba na wenzake. Apollinarie aliomba rozari bila kutoa sauti, akikosea hesabu, akianza upya. Jua lilikuwa limeanza kushuka Keza alipoanguka kifudifudi. Wote wawili waliruka kutoka kwenye benchi. Mtoto alikuwa amejikwaa tu, anacheka, lakini Norbert, na uzee wake wote, ndiye aliyefika kwanza.