Majembe Ishirini na Mawili

Emerensiana hakujua kusoma hata herufi moja, lakini akimwaga maharage kwenye ungo, mabovu yalijisogeza pembeni yenyewe kwa aibu. Asiyeamini aende Sumbawanga mjini akaulize. Wako watu waliokula maharage yale na hawajaugua hadi leo. Alikuwa mjane mwenye mwili mfupi na ulimi mrefu, na aliingia kijiji kipya cha ujamaa akiwa na kuku watano, chungu kimoja kikubwa, na mkwe aitwaye Zenon, mume wa binti yake Margareth.

Mkwe huyo ndiye aliyemnyima raha. Shamba alilogawiwa Zenon lilikuwa bondeni, na mwaka uliotangulia mvua kubwa zilimkuta hajalima. Shamba likawa bwawa, wakavuna vyura. Zenon, Margareth na watoto wao sita wakahamia kwenye chungu cha Emerensiana, wakala mwaka mzima mpaka chungu chenyewe kikapungua kimo. Msimu huu Emerensiana aliapa: Zenon atalima kabla ya maji, hata ikibidi akokote plau mwenyewe kwa meno.

Novemba, manyunyu ya kwanza yakiwa yamelainisha udongo, lori la Abdala wa Majengo lilishusha plau moja pale kijijini. Maksai walikuwa wawili, kaya ishirini na mbili, na upande wa milimani mawingu yalikuwa yameshaanza kunenepa. Katibu wa kijiji, Theodory, kijana aliyemaliza darasa la saba, akaandika orodha ya zamu na kuisoma mkutanoni. Ilianza na Clemens, akafuata Cornelia, akaja Emerensiana. Wa mwisho kabisa alikuwa Zenon.

"Umepangaje, mwanangu?" Emerensiana akauliza.

"Kwa alfabeti, mama. Haki tupu, haina ujomba. Na wewe umekuwa wa tatu."

"Hizo herufi zinajua shamba la nani linazama?"

Watu wakacheka. Theodory akakunja karatasi. "Sema tu unataka mkweo awe wa kwanza."

"Nataka alime kabla ya maji, sifichi. Nimechoka kulisha kikosi. Lakini wako wenye mashamba ya chini kuliko lake, nao wamtangulie."

Hapo kila mtu akapata kipimo chake. Mmoja alitaka wazee watangulie, mwingine wenye watoto, mwingine waliohamia kwanza. Na kila kipimo, kwa bahati ya ajabu, kilimweka mbele aliyekitaja. Emerensiana akasubiri kelele zipungue, zilipokataa kupungua akapanda juu ya plau.

"Mkitafuta wa kwanza kati ya ishirini na wawili mtagombana hadi Pasaka," alisema. "Mimi nipeni wawili wawili. Kila kaya ilete jembe."

Majembe yakaletwa, yakalazwa mstari mmoja uwanjani. Hakuna aliyehitaji kuandika jina: la Cornelia lilifungwa kitambaa mpinini, la Clemens lilikuwa limelika nusu. Emerensiana akatangaza sheria. Atachukua majembe mawili yanayopakana na kuuliza shamba lipi liko chini. La chini lipite mbele. Yakilingana, itatazamwa kaya yenye vinywa vingi. Vikilingana hata vinywa, wabaki walivyolala, asiruke mtu. Ataupitia mstari kutoka kichwa hadi mkia, kisha tena na tena, mpaka aupitie wote bila jembe kuhama.

Akaanza. Jembe la Zenon likapanda kidogo kidogo kutoka mkiani. Lilipofika kwa lile la Cornelia mashamba yakalingana. Vinywa vinane vikashinda vinne, likapita. Likasimama nafasi ya tatu, nyuma ya mashamba mawili yaliyogusa mto. La Emerensiana mwenyewe, mwenye shamba la changarawe mlimani, likashuka hadi la kumi na tisa.

Lakini mstari haukutulia. Mashamba ya Oswaldi na Clemens yalipakana, na majembe yao vilevile. Mara ya kwanza alijibu Oswaldi kwamba lake ndilo lililo chini, jembe lake likapita. Mara ya pili akawahi Clemens, likarudi. Mara ya tatu Oswaldi, mara ya nne Clemens. Yale majembe mawili yalipishana hadi nyasi za pale zikakauka.

"Mama, mstari wako umeota miguu," Theodory alisema. "Turudi kwenye karatasi yangu."

"Kosa si la mstari. Nimemuuliza fisi nani agawe nyama. Leteni ndoo ya maji."

Aliwaongoza wote hadi mpakani, Oswaldi akilalamika njia nzima kwamba mguu unamuuma. Emerensiana akamwaga maji juu ya tuta la mpaka. Yakasita, kisha yakateremka moja kwa moja shambani kwa Clemens.

"Yamesukumwa na upepo," Oswaldi akasema.

"Basi simama pale uuzuie, shemeji, nimwage tena."

Hakusimama. Waliporudi uwanjani Emerensiana aliupitia mstari wote, na safari hii hakuna jembe lililohama. Theodory akachukua kalamu akaandika orodha mpya, akifuata majembe.

Shamba la Zenon lililimwa siku ya tatu. Siku ya tisa mvua ikashuka, mvua nzito kiasi kwamba bata waliomba hifadhi ndani ya nyumba. Bonde likajaa, lakini mahindi ya Zenon yalikuwa yameshaota, na mifereji aliyochimba ikayapokea maji.

Kaya ya kumi na saba ilipomaliza, maksai mmoja akavimba mguu. Theodory akaenda mwenyewe kwa Emerensiana.

"Shikamoo, mama. Kesho huyu ng'ombe ataweza shamba moja tu, kisha tumpumzishe wiki mbili. Wewe ndiye uliyetupangia. Tukikuweka wewe, hakuna atakayesema."

"Marahaba. Jembe langu lilikuwa la ngapi?"

"La kumi na tisa."

"Na la kumi na nane?"

"La Wilibrodi."

"Basi mpelekeeni Wilibrodi ng'ombe wake."

Akatema mate viganjani, akapanda kwenye changarawe yake, akaanza kulima kwa mkono.