Mioyo Imara ya Kiirua

Kabla ya watafiti wa moyo kufika, kijiji cha Kiirua kilikuwa kimeshapimwa karibu kila kiungo. Watu wa macho walikuja wakati wa kuvuna viazi, wakamulika watu mia mbili kwa tochi, wakaenda zao. Wakafuata watu wa magoti, kisha wa meno, kisha wale wa usingizi, ambao waliwauliza wakulima wanaoamka alfajiri kukama ng'ombe kama wanaridhika na jinsi wanavyolala. Kila kundi lilileta hema, fulana mpya na ahadi kwamba matokeo yangerudishwa kwa wananchi. Hakuna aliyewahi kuyaona.

Mwalimu Ntinyari alikuwa ameshiriki tafiti zote hizo. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha watafiti: alisoma fomu ya idhini yote, kurasa kumi na moja, kabla ya kutia sahihi. Wenzake walitia sahihi wakiwa wamesimama, maana chai ilikuwa upande wa pili wa meza.

Siku ya moyo, mhoji alikuwa kijana mpole aitwaye Antony. Alianza na Makandi, mjane wa miaka sitini na kitu, jirani ya Ntinyari. Ukurasa wa nne wa fomu uliahidi usiri, lakini benchi lilikuwa moja, kwa hiyo Ntinyari alisikia kila neno.

"Je, unaishiwa na pumzi unapopanda ngazi za ghorofa mbili?" Antony alisoma kwenye tableti yake.

Makandi alifikiri. Maishani mwake hakuwahi kuingia nyumba ya ghorofa. Ngazi aliyoijua ni ile ya mbao ambayo mwanawe huiegemeza mtini akikata matawi.

"Mimi sipandi ngazi," akajibu.

Antony akabonyeza Hapana.

Ntinyari alijua kwamba Makandi akitoka mtoni na maji husimama mara tano mlimani, na kwamba alikuwa amekata viatu vyake vya plastiki ubavuni ili miguu iliyovimba iingie. Akamwambia Antony aulize habari za mlima. Antony alimsikiliza kwa adabu, kisha akaeleza kwamba dodoso lilitungwa ng'ambo, likajaribiwa kwa maelfu ya watu na kupitishwa na kamati. Kugusa neno moja kungeharibu ulinganisho.

"Hata mimi naona, mwalimu," aliongeza kwa sauti ya chini. "Lakini nikiuliza swali langu, hii tableti haina mahali pa kuliandika."

Makandi akapewa kipande cha sabuni na kuambiwa yuko sawa.

Miezi minane baadaye, kwa mara ya kwanza, matokeo yalirudi kweli. Washiriki kumi walialikwa kwenye hoteli mjini Meru, na Ntinyari akambembeleza Makandi waende pamoja. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu. Mlango wa lifti ulikuwa umebandikwa karatasi kwamba inatengenezwa.

Ghorofa ya kwanza Makandi alishikilia ukingo na kutabasamu. Kabla ya kufika ya pili aliketi kwenye ngazi, midomo imebadilika rangi, akihema kama aliyekuwa akikimbizwa. Wageni wenye mikoba ya mkutano walimpita, wengine wakimpa pole bila kusimama. Ntinyari aliketi kando yake akamshika mkono. Kutoka juu, kipaza sauti kilileta maneno ya profesa aliyeongoza utafiti: dalili za ugonjwa wa moyo Kiirua zilikuwa chache mno, hasa kwa akina mama wazee, pengine kwa sababu ya chakula cha asili na hewa safi. Kwa hiyo kliniki ya moyo iliyokuwa imepangwa ingepelekwa kwingine, penye uhitaji.

Daktari Kawira, aliyekuwa amealikwa na amechelewa, aliwakuta hapo. Alipiga magoti, akabonyeza mguu wa Makandi, na kidole kikaacha shimo. Akauliza kama watafiti walimuuliza lolote.

"Waliniuliza mambo ya ngazi," Makandi alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno.

Ntinyari akapanda hadi ukumbini. Wakati wa maswali alinyoosha mkono, akasimama.

"Profesa, mmoja wa wale wenye mioyo imara ameketi hapo chini, ameshindwa kufika. Naomba gari la kumpeleka hospitali."

Profesa alimshukuru kwa mchango wake, akafafanua kwamba mtu mmoja hawezi kubatilisha takwimu, akatangaza chai. Aliyetafuta gari ni Antony. Aliacha daftari la mahudhurio mezani, akambeba Makandi kwenye kiti pamoja na mlinzi wa hoteli.

Makandi alilazwa siku tisa, akatolewa maji mwilini, akaanzishiwa vidonge. Ripoti ilichapishwa bila kubadilishwa nukta. Ndani yake mna picha nzuri ya Ntinyari amenyoosha mkono, na maelezo chini yake yanasema ni mwananchi akipokea matokeo kwa furaha.

Kliniki ilienda kwingine kama ilivyoamuliwa. Lakini Daktari Kawira huja zahanati ya Kiirua Ijumaa moja kila mwezi, na siku ya kwanza Ntinyari alimpelekea wanawake kumi na tisa, aliowachagua kwa kukaa juu ya mlima asubuhi tatu akitazama nani anapumzika. Kumi na wawili walikutwa na ugonjwa.

Makandi sasa anapumzika mara moja tu. Amekatazwa chumvi, na lawama zote za githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa bila ladha, huzielekeza kwa Ntinyari, ambaye huja kula naye kila Jumapili baada ya kanisa na kumaliza sahani yake.