Chuma cha Abti na Kisigino Changu

Mwanangu, kabla hujafunga hicho kitambaa mguuni na kwenda kukimbia tena, hebu keti hapa kidogo. Nakumbuka siku moja, miaka ya tisini, nikiwa na umri wako, hapa hapa mtaani Iftin, nimelala kifudifudi mkekani. Abti Hassan, kaka yake mama, alikuwa amenikamata kifundo cha mguu. Kwa mkono wa pili alishika chuma chekundu kutoka motoni, kile kile cha kuwatia ngamia wetu alama.

Mshipa wa kisigino ulikuwa umeniuma mwezi mzima. Jeshi lilikuwa linakuja kuandika vijana, na bila kukimbia huandikwi. Ukame ulikuwa umetuachia ngamia wachache tu, na nyumba nzima ilinitazama mimi. Kwa hiyo nikamwambia Abti, "Choma." Akachoma mara tatu. Wallahi, nilipiga kelele mpaka majirani wakaja! Moto uliuma hata nikausahau mshipa, nikadhani nimepona. Siku ya tatu nikatoka mbio, nikaanguka kabla ya kufika barabarani.

Mama akanipeleka hospitali kwa mkokoteni wa punda. Huko nikamkuta Bi Mwende, mwanamke wa Kitui, daktari wa mazoezi ya viungo. Aliziangalia zile alama tatu, asinicheke.

"Nani alikuchoma?"

"Mjomba."

"Anakupenda huyo. Lakini ngozi ndiyo iliyosikia moto. Mshipa hauna habari."

Kidonda kilipokauka, akanisimamisha kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, nishushe kisigino polepole, nikipandishe, tena na tena. Mimi na maswali yangu! Nikamuuliza, iweje kinachouma kiongezewe kazi? Akanishikisha misuli ya nyuma ya mguu, huu kisha ule. Ajabu, ule mbovu ulikuwa umekonda. Akaniambia nimeuonea huruma kupita kiasi, na mshipa hupata nguvu ukibebeshwa mzigo kidogo kidogo. Ukilalamika sana, tunapunguza.

Sikuamini sawasawa mpaka jioni nilipomwona Abti akimwinua ndama wa ngamia aliyevimba mguu. Nikamuuliza kwa nini asimwache alale.

"Akilala tu, mguu utakufa. Akitembea sana, ataumia. Leo namfikisha kwenye ule mgunga, kesho mbele kidogo."

"Abti, mbona mimi ulinichoma?"

Akampapasa ndama shingoni. "Wewe si ngamia."

"Kweli, lakini nina mguu."

Tangu siku hiyo hakugusa tena chuma kwa ajili yangu.

Basi wiki ya sita ya mazoezi jeshi likafika. Maumivu yalikuwa yamekwisha, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukwepa mazoezi. Bi Mwende akasema bado. Nikaamka alfajiri kwenda kukimbia hivyo hivyo, nikakuta viatu havipo. Abti alikuwa amevikalia! Nililia mbele yake, mwanangu, sikuona aibu. Akaniacha nilie, lakini viatu hakutoa.

Mwaka uliofuata walirudi. Nilikuwa nimefanya mazoezi siku zote hizo, nikakimbia, nikaandikwa. Nilipokwenda kumuaga Abti nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika ukuta, anapandisha na kushusha visigino, anahesabu moja, mbili, tatu kwa lugha yetu: kow, laba, saddex.

"Abti, hayo ni ya kisigino. Wewe unaumwa goti."

Akashuka, akajipangusa vumbi. "Basi nipeleke kwa huyo mama wa Kitui."

Nikampeleka, wakati gari la jeshi linanisubiri.

Ndiyo maana nakuambia, weka chini hicho kitambaa. Nenda kwa mtu atakayeupima mguu wako, siyo atakayeubahatisha. Kila zoezi akupalo, muulize ni la nini, ukilielewa hutalikwepa. Maumivu yakiisha usiache, hapo ndipo mimi nilipotaka kuharibu. Na mbio zikikupita mwaka huu, lia kama nilivyolia, kisha urudi kwenye ngazi.

Mungu aujalie mguu huo uliokuja kwangu ukichechemea, ukupeleke mbali na ukurudishe salama. Haya, nipe hivyo viatu nivikalie.