Gurudumu Nje ya Lango

Bonareri aliuza wimbi katika soko la Migori, na kama kulikuwa na kitu alichokuwa nacho kwa wingi kuliko wimbi, ni neno lake. Akikuambia debe hili lina mchanga, lina mchanga. Akikuambia mahindi haya ya Ntimaru yalilowa njiani, usibishane naye, yalilowa. Wanawake wa Kijaluo waliotoka ziwani na omena, wale dagaa wadogo, walimwachia vikapu vyao wakaenda kuzunguka mjini bila wasiwasi, na Wakuria wakigombana juu ya kipimo walimwita yeye awaamulie. Kanisani kwa Wasabato alikuwa kiongozi wa Dorkasi, kile chama cha akina mama wanaowavisha maskini na kuwapikia wagonjwa. Hakuwa na sura ya kugeuzia watu shingo wala elimu ya kutajika. Aliaminika, basi.

Mumewe aliitwa Fanuel Mokaya, mwenye duka la mablanketi. Huyo tumseme kwa uchache, maana akisemwa sana ataona anasifiwa. Mwaka wa sitini na saba alinunua Pijo mpya nyeupe, na tangu siku hiyo akasahau kutembea kama watu. Viti aliviacha na nailoni yake, abiria wanatoka jasho na kunatana navyo, yeye anasema ndivyo gari linavyotunzwa. Tairi la spea lilikuwa bado limezungushiwa karatasi ya kiwandani, na kila Jumapili alifungua buti kuhakikisha karatasi haijachanika. Mtu mzima na ndevu zake, anakagua karatasi! Bonareri alikuwa akimtazama mlangoni, anatikisa kichwa, anarudi ndani kupepeta wimbi.

Agosti ya mwaka ule kulikuwa na makambi, ile mikutano mikubwa ya Wasabato ambapo watu hulala kwenye mahema wiki nzima wakisikiliza mahubiri. Mchungaji Bichage, mhubiri mkali wa mambo ya Sabato, alikuwa Homa Bay, na ilipangwa aletwe Migori Jumamosi asubuhi ahubiri, kisha asimamie uchaguzi wa mzee wa kanisa. Fanuel aliutaka uzee ule hata chakula kilikuwa hakimshuki. Akajitolea kumleta mchungaji kwa gari lake, na nani angemkatalia? Katika kanisa zima gari lilikuwa hilo moja.

Ijumaa mchana akaligonga. Tena wala si na lori, wala si na ng'ombe wa mtu. Alikuwa anamwonyesha Awino, muuza samaki jirani, jinsi Pijo inavyokata kona bila kelele, akaipeleka moja kwa moja kwenye kibaraza cha saruji cha duka lake, kibaraza alichokijenga mwenyewe. Krrrr! Gurudumu la mbele, upande wa kushoto.

"Yaye, Baba Mong'ina!" Awino akapiga makofi. "Kibaraza kimekukosea nini?"

Bonareri akatoka, akainama, akatazama. Ukingo wa rimu ulikuwa umekwaruzika, rangi imetoka urefu wa kidole. Ubavuni mwa tairi mpira ulikuwa umechubuka, kigozi kidogo kinaning'inia. Akaubonyeza kwa dole gumba.

"Upepo umo. Nyuzi hazijaonekana. Limechubuka tu," akasema. "Kama unaona haya, funga spea."

"Spea?" Fanuel akamkazia macho kana kwamba ametukanwa. "Nichane ile karatasi?"

Basi badala ya kuchana karatasi, alichana mchana mzima. Akapaka rangi ya viatu kwenye tairi, ikawa doa. Akasugua rimu kwa majivu, ikazidi kukwaruzika. Akajaribu dawa ya meno. Wateja wa mablanketi walisimama kaunta wakachoka wakaondoka, mwenye duka yuko chini, makalio juu, anapigia gurudumu mswaki. Jua lilipoanza kushuka ndipo akamkimbilia Gisiri.

Gisiri alikuwa fundi wa magari karibu na daraja, Mkuria, Mkatoliki, mwenye mdomo usio na breki. Akaja akatazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee, hii ndiyo umeniitia? Nitakata hiki kigozi kwa wembe, nitapiga msasa, nitapaka rangi ya fedha. Lakini nina lori la mtu pale nimelifungua tumbo. Nikilimaliza, jua litakuwa limezama. Na nyinyi Wasabato jua likizama hamshiki hata ufagio."

Hapo ndipo Fanuel alipofikiri, na heri asingefikiri. Wasabato hawafanyi kazi kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama, na amri yenyewe inakataza mpaka mgeni aliye ndani ya malango yako. Mtoto yeyote wa darasa la Sabato anaijua. Sasa Fanuel akaona upenyo. Ndani ya malango, sivyo? Je, mgeni akiwa nje ya malango?

Akalitoa gari uani akaliegesha barabarani, nje kabisa ya lango lake. Akalipiga jeki, akaliwekea mawe chini, akalifungua gurudumu akalibingirisha mwenyewe mpaka kwa Gisiri, anahema na suti yake, akiwahi jua.

"Fundi atafanya kwake, kwa mikono yake," alimweleza Bonareri aliporudi. "Mimi niko nyumbani naimba tenzi. Dhambi ni ya nani hapo?"

"Ni yako."

"Wewe huelewi sheria."

"Naelewa. Kuchubuka kulikuwa kwenye tairi. Sasa kumehamia kwako."

Alimdharau mumewe saa ile, na hakujificha kuwa anamdharau. Mtu amekuwa akiwasimamia watoto wa watu wakariri amri, leo anapima amri kwa nguzo za lango! Na upumbavu wake ulikuwa mkubwa kuliko ujanja wake, maana alichotaka kukificha ni mkwaruzo wa kidole, na ili aufiche amelianika gari zima barabarani, miguu mitatu, kwenye njia ile ile ya kwenda makambini. Kanisa zima likapita hapo likienda kwenye ibada ya kufungua Sabato. Kwaya ikapita. Wazee wakapita. Dolphine, katibu wa Dorkasi, akapita na wanawe. Wote wakatazama mawe, wakatazama mahali pa gurudumu palipo wazi, wakasema Sabato njema, wakaendelea na safari.

Asubuhi Gisiri akaja anabingirisha gurudumu na spana mfukoni. Alilifunga pale barabarani, Fanuel amesimama ndani ya lango, mikono imekunjwa, macho yamefumbwa kama mtu aliye katika maombi. Lakini kila nati ilipofikiwa jicho moja lilifunguka, na mara mbili alinyoosha kidole kuonyesha iliyolegea.

"Rangi nimeipaka nzito ulivyotaka," Gisiri akasema akikusanya vyombo vyake. "Haijakauka. Usiiguse leo."

Wakashika njia ya Homa Bay, Fanuel kwenye usukani na Bonareri nyuma, juu ya nailoni. Barabara ilikuwa ya murram, kavu, vumbi jekundu linawafuata kijiji baada ya kijiji. Walipopita Rongo Fanuel akakohoa.

"Mama Mong'ina, ukiulizwa, gurudumu lilitengenezwa Alhamisi."

"Nani ataniuliza?"

"Nasema ukiulizwa."

"Mimi usinitie humo, Baba Mong'ina. Uongo wako ubebe mwenyewe."

"Lakini wewe ukisema, watu hawaulizi mara ya pili," akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Ndiyo sababu nakuomba wewe."

Hilo lilimuuma Bonareri kuliko matusi. Kumbe alikuwa anajua! Miaka yote hakuwahi kumsifu kwa lolote, wala kwa kupika, wala kwa kuzaa, wala kwa lile duka lililofunguliwa kwa wimbi lake. Siku anayogundua thamani ya neno la mkewe, ni siku anayotaka kulitumia kupaka rimu rangi. Bonareri akageukia dirisha.

Homa Bay walifika mapema, mchungaji bado yuko kwenye maombi. Fanuel akashuka kukagua. Ole! Vumbi lilikuwa limenata kwenye rangi mbichi, gurudumu limekuwa kama mandazi yaliyobingirishwa kwenye mchanga. Aliambiwa asiguse. Akagusa. Akatoa leso akapiga goti akasugua, na kadiri alivyosugua ndivyo rangi ilivyohamia kwenye leso, kutoka leso ikahamia kiganjani. Alikuwa bado amepiga goti sauti ilipomwamkia nyuma yake.

"Sabato njema, ndugu Mokaya!"

Mchungaji Bichage alikuwa amenyoosha mkono. Na mkono wa mchungaji haukataliwi. Fanuel akainuka, akaushika, na walipoachana kiganja cha mtumishi wa Mungu kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya.

Mchungaji akakitazama. "Ni rangi gani hii?"

"Ya gurudumu, Mchungaji. Nilitaka usafiri na gari safi. Ilipakwa Alhamisi."

"Alhamisi?" Akamgeukia Bonareri. "Ni kweli, Mama?"

Bonareri alifungua mdomo. Akawaona akina mama wa Homa Bay waliotoka kumsindikiza mchungaji, wamesimama na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Akaona haya. Mke wa Kikisii kumvua mumewe nguo mbele ya mchungaji, mbele ya wageni, hakulelewa hivyo. Akafunga mdomo, akatazama chini. Na Mchungaji Bichage, ambaye gari lingine hakuwa nalo, akauchukua ukimya ule kuwa jibu. Hebu niambie, rangi gani hukaa mbichi kutoka Alhamisi hadi Jumamosi kwa jua la Agosti? Mhubiri wa Sabato wilaya nzima, hakutaka kujua. Aliingia akakaa juu ya nailoni, akasema gari ni zuri.

Makambini Migori hema lilikuwa limejaa. Mchungaji akahubiri juu ya siku ya maandalizi, jinsi Mkristo anavyotakiwa kumaliza shughuli zake mapema ili Sabato isimkute na jembe mkononi. Alifika katikati, joto la mahubiri likampanda, akainua kile kiganja.

"Mnaiona rangi hii? Hii ni rangi ya mtu anayejiandaa! Ndugu yetu Mokaya alilitengeneza gari lake Alhamisi, siku mbili mapema, ili kazi ya Mungu isikwame. Na siyasemi haya kwa kubahatisha. Dada yetu Bonareri, ambaye nyote mnamjua kwa ukweli wake, amenithibitishia."

Fanuel, kwenye kiti cha mbele, alinyoosha shingo. Bonareri alikuwa amekaa na akina mama wa Dorkasi, na aliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Hawakumtazama kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Walimtazama kama watu wanavyomtazama muuzaji aliyekutwa na mawe chini ya debe: kumbe na wewe. Dolphine, aliyepita mwenyewe kando ya yale mawe, alisogeza kikapu chake kidogo akatazama miguu yake. Miaka yote ya soko, miaka yote ya kupima sawa, ilikuwa inamwagika mbele ya macho yake, na aliyeimwaga anarekebisha tai.

Mahubiri yakaisha, na mchungaji alikuwa tayari anasoma jina la Fanuel, aliyependekezwa kuwa mzee, watu wanaanza kunyoosha mikono, Bonareri aliposimama.

"Samahani, Mchungaji. Mimi sikuthibitisha kitu. Uliniuliza nikanyamaza, na nilikosea kunyamaza. Gurudumu lilipakwa rangi jana jua likiwa limezama, na lilifungwa leo asubuhi. Hakuna aliye hapa asiyejua. Wote mlipita pale."

"Nje ya lango!" Fanuel akaruka kitini. "Ndugu zangu, waulizeni waliopita! Lilikuwa nje ya lango!"

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka. Kisha nyuma, kisha pembeni, mpaka wazee wenyewe wakaficha nyuso nyuma ya vitabu vya nyimbo, hao hao ambao dakika iliyopita mikono yao ilikuwa hewani. Mchungaji aliutia mkono wake mfukoni, akasema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, na uchaguzi utafanyika siku nyingine. Akaomba wimbo. Hakumtazama Bonareri wala hakumwambia asante, na Bonareri hakuitegemea.

Baada ya ibada Fanuel alimfuata mkewe nyuma ya hema, pale akina mama walipokuwa wanapakua chakula kilichopikwa Ijumaa. Dolphine alikuwa amekwisha kumsogezea Bonareri sahani na mwiko.

"Umeniua," Fanuel akasema. "Mke wangu mwenyewe, mbele ya watu! Ungenyamaza tu. Kunyamaza kunakugharimu nini?"

Bonareri aliendelea kupakua mpaka sahani ikajaa.

"Homa Bay nilinyamaza, kwa heshima yako," akamwambia. "Ukauchukua unyamavu wangu ukaufanya uongo. Kuanzia leo, popote utakaposema kitu na mimi niko, mimi nitasema."

Akampa sahani yake, akamwita anayefuata.